Nyimbo zote kwa sauti moja: pima, andika namba, wimbo wenyewe usiuguse

Folda ya nyimbo iliyokusanywa kwa miaka hapa Uganda haina baba mmoja. Kuna kadongo kamu iliyotolewa kwenye kaseti, rumba ya Kongo iliyovuka mpaka wa Mpondwe ikiwa kwenye flashi ya mtu, kidandali kilichonakiliwa dukani, qaswida, kwaya, mahubiri, na dancehall mpya iliyotoka studio wiki iliyopita. Ukizicheza bila mpangilio, mkono hautoki kwenye kitufe cha sauti. Mzee wa gitaa anasimulia kwa upole, unaongeza sauti umsikie, halafu wimbo unaofuata unaingia kama mtu anayepiga mlango teke.

Tatizo hili lina dawa, na dawa yake ni ya bure. Lakini wengi hutumia dawa isiyo yake na kuharibu faili ambazo hawatazipata tena. Kwa hiyo nitaanza na sababu, ndipo nifike kwenye amri na vitufe.

Kilele si ukubwa wa sauti

Sauti ya dijitali ina dari. Dari hiyo huitwa 0 dBFS, na hakuna kinachoweza kupita juu yake. Kinachojaribu hukatwa kichwa, na hapo ndipo unasikia sauti inapasuka. Sehemu ya wimbo inayokaribia dari kuliko zote ndiyo kilele.

Programu nyingi za kuhariri sauti zina kitufe cha kupandisha kila wimbo hadi kilele chake kiguse dari. Watu hukibonyeza kwa folda nzima wakidhani wamesawazisha. Hawajasawazisha chochote. Katika rekodi ya zamani, kidole kikidonoa waya wa gitaa kwa nguvu mara moja, kilele kiko pale juu, lakini wimbo wote uliobaki uko chini sana. Katika wimbo wa kisasa, fundi wa studio ameweka limita inayokanyaga vilele vyote na kisha akapandisha kilichobaki, hivyo wimbo mzima umebanwa chini ya dari tangu sekunde ya kwanza. Nyimbo zote mbili zina kilele kilekile. Tofauti ya kile sikio linachosikia inaweza kufika 10 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na 10 dB kwa sikio la kawaida ni kama sauti mara mbili.

Kinachotakiwa kupimwa ni ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza ReplayGain, utaratibu wa kupima wimbo mzima, kukokotoa unahitaji kupandishwa au kushushwa kwa dB ngapi, na kuiandika namba hiyo kwenye lebo za faili, yaani maandishi yaliyo ndani ya faili kama jina la msanii. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kipimo cha BS.1770, na mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ukakijengea juu yake pendekezo la R128. Kipimo hicho huhesabiwa kwa LUFS, namba hasi ambayo kadiri inavyokaribia 0 ndivyo wimbo ulivyo na sauti kubwa. Wimbo hugawanywa katika vipande vya milisekunde 400 vinavyopandiana, sauti za chini kabisa hupunguzwa na za juu huongezwa kidogo kulingana na sikio, kisha vipande vya kimya hutupwa nje ya hesabu: vyote vilivyo chini ya -70 LUFS, na baada ya hapo vyote vilivyo chini ya wastani kwa zaidi ya 10. Ndiyo maana kimya cha sekunde ishirini mwishoni mwa kaseti hakiharibu kipimo.

Toleo la pili la ReplayGain linatumia kipimo hiki na kulenga -18 LUFS. Hiyo ndiyo namba ninayopendekeza kwa maktaba ya nyumbani, na sababu yake ni hesabu tu.

Kwa nini -18 na si -14

Huduma za kusikiliza mtandaoni zinasawazisha zenyewe. Spotify hulenga -14 LUFS katika mpangilio wa kawaida, Apple Music hulenga -16. Mtu akisikia hivyo anataka maktaba yake nayo iwe -14, "iwe na nguvu". Chukua mfano huu.

Tuseme una rumba ya zamani yenye -19.5 LUFS, na kilele chake ni 0.95 ya dari, yaani karibu -0.45 dB. Una pia dancehall yenye -7.5 LUFS. Ukilenga -18, rumba inahitaji +1.5 dB na dancehall inahitaji -10.5 dB. Rumba haiwezi kupanda 1.5 yote bila kupasuka, maana nafasi iliyobaki hadi darini ni 0.45 tu. Kinga ya kupasuka, yaani chaguo la kicheza muziki linalozuia wimbo kupandishwa kupita dari, ikiwa imewashwa, rumba itapanda hiyo 0.45 na kubaki nyuma ya wenzake kwa takribani 1 dB. Hakuna mtu chumbani atakayeigundua.

Sasa lenga -14. Dancehall inashuka 6.5, sawa. Rumba inahitaji +5.5 lakini nafasi ni ileile 0.45. Inabaki nyuma kwa 5 dB, na umerudi kwenye kitufe cha sauti. Au umezima kinga na rumba inapasuka kila mpiga ngoma anapogonga. Kusawazisha kwa haki ni kushusha wenye kelele, si kuwasukuma wapole. Nguvu inayopungua utairudisha kwenye amplifaya. Hiyo ndiyo kazi yake.

Na wasiwasi kwamba kushusha kidijitali kunaondoa ubora hauna msingi kwa viwango hivi. Kila 6 dB ni biti moja. Kushusha 10 dB kwenye sauti ya biti 16 bado kunakuacha na zaidi ya biti 14, na kaseti iliyotoa wimbo wako haikuwahi kukaribia hapo.

Kazi yenyewe kwenye kompyuta

Kabla ya yote, nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Upimaji unaandika ndani ya kila faili, na umeme ukikatika katikati ya kuandika kwenye kompyuta isiyo na betri, faili iliyokuwa mkononi wakati huo inaweza kuharibika. Kwenye laptopu yenye betri nzima hatari ni ndogo. Kwenye ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), fanya folda moja moja badala ya maktaba yote kwa usiku mmoja.

Kwa mwenye Windows, kicheza muziki cha foobar2000 kinatosha. Buruta folda ndani, chagua nyimbo zote, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye menyu ya ReplayGain. Kuna upimaji wa wimbo mmoja mmoja, na upimaji wa kundi kama albamu kwa kufuata lebo. Ikimaliza inakuonyesha orodha ya namba. Ikubali ndipo iandike kwenye faili. Orodha hiyo usiipite haraka. Wimbo unaoonyesha +12 katikati ya nyimbo za -6 mara nyingi ni faili iliyokatika wakati wa kupakuliwa, au kaseti iliyorekodiwa kwa sauti ndogo kupita kiasi, na ukiipandisha hivyo utapandisha na mvumo wote wa mkanda.

Anayependa amri, au mwenye Linux au Mac, atumie programu ya rsgain. Kwa folda ambayo kila albamu ina folda yake ndogo:

`rsgain easy -S -m MAX ~/Muziki/Albamu`

Herufi `-S` inairuhusu kuruka faili zilizokwisha pimwa, hivyo unaweza kurudia amri ileile kila unapoongeza nyimbo mpya. `-m MAX` inaifanya itumie nguvu zote za prosesa. Angalia jambo moja: kwa amri hii kila folda huhesabiwa kuwa albamu. Folda yako ya mchanganyiko yenye nyimbo 900 za watu 300 itapewa namba moja ya "albamu" isiyo na maana yoyote. Kwa folda kama hiyo andika:

`rsgain easy -S -m MAX -p no_album ~/Muziki/Mchanganyiko`

Ukitaka kuona tu vipimo vya wimbo mmoja bila kuandika chochote, ffmpeg inakupa jibu mwishoni mwa safari yake:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -af ebur128=peak=true -f null -`

Angalia mstari wa I, ambao ni ukubwa wa wimbo mzima kwa LUFS, na mstari wa kilele chini yake. Ni njia nzuri ya kumaliza ubishi kati ya watu wawili kuhusu wimbo upi una kelele zaidi.

Baada ya hapo faili zako zina lebo nne mpya: namba ya wimbo na kilele chake, namba ya albamu na kilele chake (kwa `no_album`, mbili za kwanza tu). Sauti yenyewe haijaguswa hata kidogo. Ukifuta lebo, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Hii ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko nyingine zote: haina majuto. Faili za Opus zina utaratibu wao, unaorejea -23 LUFS badala ya -18, kwa hiyo ukiona namba yake iko chini kwa 5 kuliko ya MP3 ya wimbo uleule, usiidhani kosa.

Wimbo au albamu?

Kila kicheza muziki kinachosoma lebo hizi kitakuuliza utumie namba ipi. Namba ya wimbo inaleta kila wimbo -18. Namba ya albamu inashusha au kupandisha albamu nzima kwa kiasi kimoja, na tofauti za ndani zinabaki kama msanii alivyozipanga.

Ukisikiliza mchanganyiko, chagua ya wimbo. Ukisikiliza kazi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, chagua ya albamu. Ukichukua rekodi ya ngoma za jukwaani ambayo inaanza na adungu, kinubi cha Uganda, peke yake na kumaliza na kundi zima, halafu ukatumia namba ya wimbo, adungu mmoja utapandishwa hadi ulingane na watu ishirini. Namba zitakuwa sahihi na muziki utakuwa umeuawa. Sehemu moja ikiungana na nyingine bila kimya katikati, utasikia pia ngazi ya sauti pale zinapokutana. Foobar2000 ina chaguo la kuamua yenyewe kwa kufuata mpangilio wa kucheza: ukichanganya inatumia namba ya wimbo, ukifuata mfululizo inatumia ya albamu. Hiyo iwashe na uisahau.

Lebo peke yake haifanyi kitu

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Wamepima usiku kucha, wamebonyeza cheza, na hakuna kilichobadilika. Lebo ni maandishi tu. Kicheza muziki lazima kiambiwe kiyafuate.

Kwenye foobar2000, nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya uchezaji, kisha ReplayGain. Chagua kupandisha au kushusha pamoja na kinga ya kupasuka. Hapo utakuta vitelezi viwili vya preampu, vya kuongeza au kupunguza sauti zaidi ya namba ya lebo: kimoja kwa nyimbo zenye lebo, kingine kwa zisizo nazo. Cha kwanza kiache kwenye 0. Cha pili kishushe hadi karibu -8 dB. Bila hivyo, wimbo mpya ambao hujaupima utaingia na kelele yake yote katikati ya waliotulia.

Kwenye simu ya Android, Poweramp ina ukurasa wake wa ReplayGain wenye mambo haya haya. Auxio ni ya bure na inasoma lebo. Foobar2000 nayo ina toleo la simu. Kicheza muziki kilichokuja na simu, mara nyingi, hakijui lebo hizi zipo. Pima hivi: cheza wimbo wenye namba ya -10 kwa programu hiyo, kisha uzime na kuwasha ReplayGain. Usiposikia kushuka, programu haisomi.

VLC inasoma lebo pia, kwenye mapendeleo ya sauti, ukichagua hali ya wimbo au albamu. Lakini mahali hapo hapo kuna kisanduku cha kusawazisha sauti ambacho watu hukiwasha kwanza kwa sababu jina lake linavutia. Hicho ni kitu kingine kabisa. Hakipimi wimbo, kinafuatilia sauti inavyokwenda na kupandisha pale inapopungua. Mwimbaji akivuta pumzi, mvumo unapanda. Ngoma ikigonga, kila kitu kinazama. Kizime.

Kwa iPhone na programu ya muziki ya Apple, kuna Sound Check. Haisomi ReplayGain, ina kipimo chake inachokiandika mahali pake, lakini inafanya kazi ileile. Iwashe kwenye mipangilio ya muziki.

Ikwalaiza ina mtego wake. ReplayGain imekulinda usipasuke, halafu wewe unapandisha besi 6 dB kwenye ikwalaiza inayokuja baadaye. Kinga haikuona hilo. Bendi yoyote ukiipandisha kwa kiasi fulani, shusha preampu ya ikwalaiza kwa kiasi hicho hicho.

Redio ya gari, taksi na spika ya flashi

Mambo yote niliyoeleza yanakufa ukichomeka flashi kwenye redio ya gari au kwenye zile spika za sabufa zenye tundu la USB. Vifaa hivyo vinasoma MP3 na kuicheza, basi. Jina la msanii vinaweza kulionyesha. Lebo ya ReplayGain havijui ni nini. Dereva wa taksi kutoka Kampala hadi Masaka hawezi kuambiwa aweke foobar2000.

Kwa flashi, sauti lazima ibadilishwe ndani ya faili. Njia sahihi ni MP3Gain. Ndani ya kila fremu ya MP3 kuna namba ya biti 8 inayoiambia mashine sauti iwe kubwa kiasi gani. MP3Gain haifungui wimbo na kuukandamiza upya. Inabadilisha namba hiyo tu. Kila hatua moja ni takribani 1.5 dB, na ndiyo maana huwezi kuiambia ishushe 2 dB kamili. Kosa kubwa kabisa ni robo tatu ya dB, jambo ambalo ndani ya gari halipo. Kwa kuwa ni namba tu, inaweza kurudishwa.

Chukua nakala, si faili za maktaba. Nakili nyimbo za flashi kwenye folda pembeni, kisha:

`mp3gain -r -k *.mp3`

Herufi `-r` inasawazisha kila wimbo peke yake, `-k` inashusha kiasi pale ambapo wimbo ungepasuka. MP3Gain inatumia kipimo cha kwanza cha ReplayGain, kinachohesabiwa kwa namba ya 89 dB, ambayo iko karibu na -18 LUFS. Kama redio ya gari ni dhaifu na 89 haishindi kelele ya injini, ongeza `-d 3` ili ulenge 92. Zaidi ya hapo usiende. Nyimbo za zamani zitaanza kubaki nyuma kama tulivyoona kwenye hesabu. Ukibadilisha mawazo, `mp3gain -u *.mp3` inarudisha ulikotoka, mradi lebo zake hazijafutwa na programu nyingine.

Wenye Windows wana MP3Gain ya madirisha na vitufe: weka 89.0 au 92.0 kwenye kisanduku cha lengo, bonyeza uchambuzi wa nyimbo, kisha bonyeza kubadilisha. Mstari utakaogeuka mwekundu ni wa wimbo unaopasuka. Mara nyingi utakuta ulikuwa umeshapasuka hivyo hivyo studio, na kuushusha hakutarudisha vichwa vilivyokatwa. Utapasuka kwa sauti ndogo.

Faili za AAC au M4A zina aacgain, ambayo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. FLAC haina njia hii. Kwa flashi ya gari igeuze kuwa MP3, na foobar2000 inaweza kutia namba ya ReplayGain ndani ya sauti wakati huohuo wa kugeuza.

Kosa ninaloliona likijirudia kuliko yote ni hili la kushusha mara mbili. Mtu ana faili zenye lebo za ReplayGain kutoka foobar2000 au rsgain. Anazipitisha kwenye MP3Gain. MP3Gain inaandika kumbukumbu zake katika lebo za aina ya APE, na lebo za awali za ID3 haizigusi. Wimbo uliohitaji -9 sasa umeshuka 9 ndani ya faili, na bado una lebo inayosema shusha 9. Kwenye gari unasikika vizuri. Kwenye simu unanong'ona. Ndiyo sababu nyingine ya kutumia nakala kwa flashi. Kama kosa limeshafanyika kwenye maktaba yenyewe, usihangaike kutafuta lebo moja moja: pima upya faili zote bila `-S`, na namba mpya zitafunika za zamani.

Pale kipimo kinapokudanganya

Kipimo cha LUFS hupunguza uzito wa sauti za chini kabisa. Kwa masikio ya kawaida na spika ndogo hilo ni sawa. Kwa nyumba yenye sabufa ya inchi 12, wimbo wenye besi nzito, tuseme amapiano, utasikika mkubwa kuliko namba yake. Kipimo hakijakosea; spika yako inasema zaidi ya kile kipimo kilichosikiliza. Fungua lebo ya wimbo huo na uishushe kwa mkono 1 hadi 2 dB. Kufanya hivyo kwa nyimbo chache zinazokusumbua si dhambi.

Kisa cha pili ni rekodi za chaneli moja, na kwa mwenye hamu na muziki wa kale wa Uganda si kitu kidogo. Rekodi za uwandani za miaka ya 1950, kama zile za Hugh Tracey au za Klaus Wachsmann aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, ni za chaneli moja. BS.1770 hujumlisha nguvu za chaneli. Faili ya chaneli moja itapimwa 3 chini ya wimbo uleule uliohifadhiwa katika chaneli mbili zinazofanana, ingawa kwenye spika mbili zinasikika sawa. Matokeo yake ni kwamba inapewa 3 dB zaidi ya haki yake. Kwenye ffmpeg, ongeza `dualmono=true` ndani ya `ebur128` upate namba ya kweli, kisha rekebisha lebo. MP3Gain haina tatizo hili kwa sababu kipimo chake huchukua wastani wa chaneli badala ya jumla.

Cha tatu ni mlio wa ghafla: sahani ya santuri ina mkwaruzo, au kitufe cha rekoda kilibonyezwa. Mlio huo wa sehemu ndogo ya sekunde unakuwa kilele cha faili nzima, na kinga ya kupasuka inakataa kupandisha wimbo kwa ajili yake. Ifungue kwenye Audacity, vuta karibu sana hadi uone nukta za sauti, chagua mlio peke yake, na utumie zana ya kutengeneza (Repair), inayokubali hadi nukta 128. Hifadhi kama FLAC, pima tena. Wimbo utapanda mahali pake.

Mahubiri na hotuba ni jambo jingine. Msemaji mmoja ananong'ona, mwingine anapiga kelele, na vipaza sauti vinabadilishana mikono. Hapo namba moja kwa faili nzima haitoshi, na kubana sauti kunaruhusiwa kwa kuwa maneno ndiyo yanayotakiwa yasikike. Tumia `loudnorm` ya ffmpeg:

`ffmpeg -i hotuba.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=7 -ar 44100 hotuba.mp3`

Usisahau `-ar 44100`. Kichujio hiki hufanya kazi ndani kwa 192 kHz, na usipokiambia kinaweza kukuachia faili ya kiwango kisichotarajiwa. Kwa muziki sikishauri, labda kwa mizunguko miwili, wa kwanza wa kupima na wa pili wa kubadilisha, na hata hivyo kinaweza kurudi kwenye kubana bila kukuuliza pale kilele kitakapozidi lengo.

Kisha kuna miksi ya dijei ya saa nzima ndani ya faili moja. Namba ya ReplayGain itakuwa moja kwa saa yote, na dakika ya 23 ambapo alisahau kushusha kitelezi itabaki na kelele yake. Kwa faili za aina hii tumia mp3DirectCut. Inafungua MP3 bila kuikandamiza upya, inakuonyesha umbo la sauti, na ukichagua eneo tu unaweza kulishusha kwa hatua zile zile za 1.5 dB. Anza kuchagua kidogo kabla ya pale wimbo wenye kelele unapoingia, shusha hatua mbili, sikiliza mapito ya pande zote mbili, ongeza hatua ya tatu kama bado. Hifadhi kwa jina jipya, kisha faili mpya ndiyo uipime.